Gunia si kipimo: namba moja kwenye kompyuta ya ghala inavyobadilisha malipo ya mkulima

Mkulima anayepeleka mazao ghalani siku hizi hakuti tena daftari na kalamu peke yake. Vyama vingi vya ushirika na maghala vimeanza kutumia mizani ya kidijitali pamoja na programu ya kompyuta au ya simu inayotunza hesabu ya mzigo. Karani anabonyeza, karatasi inatoka, na wakati mwingine ujumbe unaingia kwenye simu ya mkulima kumweleza ameweka kiasi gani.

Hayo ni maendeleo, na makala hii haipingi kompyuta. Lakini kuna swali ambalo wakulima wengi hawaulizi. Kiasi kilichoandikwa pale kimepatikana vipi? Ni kilo zilizosomwa kwenye mizani, au ni idadi ya magunia iliyozidishwa kwa namba ambayo mtu fulani aliiingiza kwenye kompyuta kabla msimu haujaanza? Mnada ukishafanyika na malipo yakaingia benki, tofauti kati ya majibu hayo mawili huwa ni fedha yako.

Kwa nini swali hili ni la sasa

Hapa Tanzania, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005. Korosho ndiyo zao lililoutangaza zaidi mfumo huo, kuanzia Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Miaka ya karibuni mfumo umepanuliwa kwa mazao mengine kama ufuta, mbaazi, choroko na dengu, na minada mingi inafanyika kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX.

Zamani mnunuzi alikuja hadi mlangoni na debe lake. Ungeweza kumwona anavyolijaza, anavyolitikisa na anavyoongeza kilemba juu. Ulikuwa unaibiwa, lakini ulikuwa unaona. Katika mfumo wa ghala, mnunuzi anaweza kuwa Dar es Salaam au nje ya nchi. Hayaoni mazao yako na wewe humwoni. Kinachosafiri kati yenu ni namba. Ndiyo maana namba hiyo ikikosewa pale mwanzo, hakuna mtu wa mbele atakayeisahihisha.

Kompyuta haijui gunia ni nini

Tuanze na jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Kila bidhaa inayoingizwa kwenye programu ya ghala hupewa kipimo kimoja cha msingi. Kwa mahindi kinaweza kuwa kilo. Kwa soda ni chupa. Kwa mafuta ya kula ni lita. Hesabu yote ya ndani hutunzwa kwa kipimo hicho kimoja.

Vipimo vingine, kama gunia, tani, kreti au katoni, huongezwa baadaye, na kila kimoja hupewa namba ya kubadilishia. Mtu anaandika: tani 1 ni kilo 1,000, kreti 1 ni chupa 24, gunia 1 ni kilo 100. Kuanzia hapo, karani akiandika "magunia 7", kompyuta inazidisha yenyewe na kuhifadhi kilo 700. Haiulizi kama gunia lilijaa. Inatii tu namba iliyopewa.

Hapo ndipo pa kuangalia. Baadhi ya namba za kubadilishia ni za kweli siku zote. Tani ni kilo 1,000 leo na kesho. Mfuko wa mbolea uliofungwa kiwandani na kuandikwa kilo 50 unatakiwa kuwa kilo 50 popote unapouzwa. Lakini gunia la mazao lililojazwa shambani halina uzito mmoja. Gunia ni chombo cha kubebea, si kipimo. Ukilipa gunia namba moja isiyobadilika, umeiambia kompyuta jambo ambalo si kweli, na kompyuta italirudia kosa hilo kwa kila mkulima anayefika dirishani.

Magunia saba, majibu matatu

Tuchukue mfano. Mkulima analeta magunia 7 ya mbaazi. Yakipandishwa kwenye mizani moja moja, yanasoma kilo 94, 98, 91, 97, 99, 95 na 96. Jumla ni kilo 670. Huo ndio mzigo wake halisi.

Karani wa kwanza hana muda wa kupima. Anaandika magunia 7, na kwenye programu gunia ni kilo 100. Stakabadhi inatoka na kilo 700. Mkulima anafurahi, maana amepewa kilo 30 ambazo hakuleta. Lakini kilo hizo hazipo ghalani. Wakulima 100 wakihesabiwa hivyo, kitabu kitakuwa na tani 3 ambazo hazionekani. Siku mnunuzi anapokuja kuchukua mzigo, pengo linaonekana, na chama ndicho kitakachodaiwa. Chama ni wanachama, kwa hiyo kilo za bure za mwanzoni zitarudi kwenu kama deni.

Karani wa pili naye hapimi, lakini programu yake imeandikwa gunia ni kilo 90. Stakabadhi inatoka na kilo 630. Mkulima amepoteza kilo 40. Kwa bei ya mfano ya shilingi 700 kwa kilo, hizo ni shilingi 28,000 zilizopotea bila mtu kuingiza mkono kwenye gunia lake. Ghala nalo sasa lina kilo 40 zisizo na mwenyewe. Mazao yasiyo na mwenyewe hayakai muda mrefu kabla ya kupata mwenyewe.

Karani wa tatu anapima kila gunia na kuandika vitu viwili: magunia 7, kilo 670. Idadi ya magunia inamsaidia kuhesabu mzigo kwa macho na kujua nafasi iliyobaki. Kilo ndizo za malipo. Hizo hesabu mbili zinaandikwa pamoja, na hakuna inayokokotolewa kutoka kwa nyingine. Huu ndio utaratibu sahihi kwa mazao ya shambani, na programu nyingi za ghala zinaweza kuufuata zikipangwa hivyo tangu mwanzo.

Debe, sado na lumbesa

Ugumu huongezeka tukifika kwenye vipimo vya mitaani. Tumezoea kusema gunia ni debe sita. Debe ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi ndani ya chombo. Kilo ni kipimo cha uzito. Debe la lita 20 likijazwa maji lina kilo 20. Likijazwa mahindi lina pungufu ya hapo, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa. Likijazwa mpunga linakuwa jepesi zaidi kuliko la mahindi. Na hata mahindi kwa mahindi, debe lililotikiswa halilingani na lililomiminwa taratibu, wala lenye kilemba halilingani na lililofutwa usawa wa mdomo. Hali ni hiyo hiyo kwa sado, kopo na, kwa majirani zetu wa Kenya, gorogoro.

Kwa hiyo, mtu akiandika kwenye programu kwamba debe 1 ni kilo fulani kwa mazao yote, ameshakosea kabla ya kuanza kazi. Kama ghala ni lazima lipokee kwa debe, basi kila zao liwe na namba yake, na namba hiyo itokane na kupima madebe mengi ya zao hilo kwenye mizani iliyohakikiwa. Hata hivyo itabaki kuwa makadirio, na makadirio hayafai kutumika kwenye malipo.

Lumbesa nayo tunaijua. Gunia linajazwa, linashonewa kiraka juu, linafanana na mtu aliyebeba mtoto mgongoni, lakini linaitwa gunia moja na kulipwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinazuia ufungashaji huo, na mazao hayatakiwi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita lumbesa miaka yote.

Jambo la kuangalia ni hili: kompyuta haiwezi kuiondoa lumbesa ikiwa kipimo cha msingi kwenye programu ni gunia. Inaweza hata kuificha. Zamani lumbesa ilionekana kwa macho. Ikishaandikwa "gunia 1" kwenye mfumo, inakuwa namba safi inayofanana na nyingine zote. Kilo ndiyo dawa ya lumbesa, kwa sababu ukilipwa kwa kilo, mnunuzi hana faida ya kulivimbisha gunia.

Gunia la Tanzania na gunia la Kenya

Wasikilizaji wanaofanya biashara ya mpakani, kuanzia Sirari, Namanga hadi Holili, wanajua kwamba neno gunia hubadilika maana likivuka mpaka. Kwetu Tanzania gunia la mahindi tumezoea kulihesabu kilo 100. Kenya, gunia la mahindi linalotajwa kwenye bei na kwenye taarifa za serikali ni la kilo 90, uzito unaokaribiana na ratili 200 za Kiingereza. Siku hizi mifuko ya kilo 50 nayo inatumika sana huko, lakini bei bado hutangazwa kwa gunia la kilo 90. Kwa viazi, kanuni za Kenya za mwaka 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50.

Sasa fikiria mfanyabiashara wa Kenya anakupigia simu na kukutajia bei ya gunia. Unakubali kumpelekea magunia 200. Yeye anawaza kilo 90, wewe unafunga kilo 100. Kila gunia limebeba kilo 10 za bure, na kwa magunia 200 umempa tani 2 nzima. Hakuna aliyesema uongo. Mmetumia neno moja kwa maana mbili.

Vivyo hivyo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Kenya imevuna magunia milioni 10 ya mahindi, hizo ni tani 900,000, si tani milioni 1. Na ukisoma habari za kahawa ya dunia, gunia linalohesabiwa huko ni la kilo 60. Kabla ya kulinganisha bei au mavuno, geuza kila kitu kiwe kilo.

Unyaufu: maji au mwizi?

Kwa wakulima wa korosho na ufuta, neno unyaufu ni chungu. Mazao yanapimwa kwenye chama cha msingi, yanasafirishwa hadi ghala kuu, yanapimwa tena, na kilo zinakuwa zimepungua. Mkulima anaambiwa mazao yamenyauka. Je, ni kweli?

Inaweza kuwa kweli, na inaweza kupigiwa hesabu. Tuchukue mahindi kilo 1,000 yaliyoingia yakiwa na unyevu wa asilimia 18. Maana yake, ndani ya mzigo huo kuna kilo 180 za maji na kilo 820 za mahindi yenyewe. Yakikauka hadi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki, zile kilo 820 hazijapungua, ila sasa zinakuwa asilimia 86.5 ya mzigo. Gawanya 820 kwa 0.865 na unapata kilo 948. Kwa hiyo kilo 52 zimekwenda hewani kama maji, na hakuna mwizi.

Lakini ikiwa mzigo huo huo umepungua kwa kilo 120, basi kilo 52 ni za maji na kilo 68 zinahitaji maelezo ya mtu. Hesabu hii haiwezekani kama siku ya kupokea mliandika "magunia 10" tu. Inahitaji vitu viwili kuandikwa: kilo zilizopimwa na kiwango cha unyevu siku hiyo. Bila hivyo, neno unyaufu linakuwa kapu la kutupia kila upotevu, wa maji na wa mikono.

Nukta, gunia tupu na namba inayobadilishwa katikati

Kuna mianya mitatu midogo ambayo kwa pamoja huwa mikubwa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Wa kwanza ni kukata nukta. Mizani inasoma kilo 670.6, programu inaandika 670. Kwa mkulima mmoja ni gramu 600. Lakini ikiwa kila mara nukta inakatwa kwenda chini, kwa wastani kila anayepimwa anapoteza kama nusu kilo. Wakulima 300 wakipimwa, ni kilo 150. Duka nalo linaumia likichagua kipimo cha msingi kisichofaa. Ukiandika sukari kwa gunia la kilo 50, kisha ukauza kilo 7, umeuza gunia 0.14. Programu inayotunza tarakimu moja tu baada ya nukta itaandika gunia 0.1, sawa na kilo 5, na kilo 2 zitakuwa zimeyeyuka kwenye vitabu. Chagua kipimo kidogo unachouzia, si kikubwa unachonunulia.

Wa pili ni uzito wa gunia tupu. Gunia la juti linaweza kufika kilo moja, wakati mfuko wa plastiki ni mwepesi zaidi sana. Ghala likikata kilo moja kwa kila gunia wakati mmeleta mifuko ya plastiki, mnakatwa kitu ambacho hamkubeba. Makato ya gunia tupu yaandikwe wazi, na yalingane na aina ya gunia lililopo mbele ya macho.

Wa tatu ni kubadilisha namba katikati ya msimu. Mtu akibadilisha gunia kutoka kilo 100 kwenda kilo 90 wakati mazao yako ndani, baadhi ya programu zitahesabu upya hata mizigo ya zamani, na salio la jana litabadilika bila gunia hata moja kutoka nje. Programu nzuri hukataa kubadilisha kipimo cha msingi mara mzigo wa kwanza ukishaingia. Kama yenu inaruhusu, basi iwe ni kwa idhini ya bodi, na jina la aliyebadilisha pamoja na tarehe vibaki kwenye kumbukumbu.

Usidhani makosa haya ni ya watu wa vijijini tu. Tarehe 23 Julai 1983, ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Waliokuwa wakipiga hesabu ya kujaza walitumia namba ya kubadilishia ya ratili badala ya ile ya kilo, na ndege ikaondoka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Rubani alifanikiwa kuitua bila injini huko Gimli, Kanada, na watu wote wakapona. Wataalamu walikuwepo na karatasi zilijazwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: namba hii ni ya kipimo gani?

Ya kuuliza kabla hujaondoka ghalani

Kwanza, angalia mizani. Iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, kwa maana mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa walau mara moja kila mwaka. Kabla ya gunia kupanda, isome sifuri.

Pili, soma mwenyewe kilo za kila gunia, au mtume mtu unayemwamini asome. Piga picha ya mizani kwa simu yako kama inawezekana. Andika jumla kwenye karatasi yako.

Tatu, stakabadhi au ujumbe wa simu utaje kilo. Ukitaja magunia peke yake, usiondoke. Muulize karani kwa upole: "Ndugu yangu, kwenye mfumo gunia limeandikwa kilo ngapi? Na mimi nimepimiwa au nimezidishiwa?" Ni haki yako kujua.

Nne, kama zao lako linapimwa unyevu, kiwango kilichosomwa kiandikwe kwenye stakabadhi hiyo hiyo.

Kwa viongozi wa vyama vya msingi, kazi ni kubwa kidogo. Kabla ya msimu kufunguliwa, chapisheni orodha ya vipimo vilivyomo kwenye programu na namba zake za kubadilishia, muisome kwenye mkutano mkuu, kisha muibandike ukutani karibu na mizani. Itakuwa ni karatasi ya ukurasa mmoja. Mwanachama yeyote anayejua kuzidisha ataweza kuhakiki stakabadhi yake mwenyewe. Na kila mwezi, chagueni magunia machache bila kuchagua sura, myapime upya, mlinganishe na kitabu. Tofauti ikionekana mapema, bado kuna mtu wa kuulizwa. Ikionekana siku ya mnada, kila mtu atasema ni unyaufu.

Wanaonunua programu kwa ajili ya vyama nao wasiulize bei tu. Waulize kama inaweza kuandika magunia na kilo kwa pamoja bila kuzidisha, kama inatunza nukta, na kama inamtaja aliyebadilisha namba. Programu isiyoweza hayo matatu inafaa duka la soda, ambako kila kreti ina chupa 24. Ghala la mazao linahitaji zaidi ya hapo.